Mpira Usiodunda

Ruqayya hakuwa mwanamke wa kuamini kitu kwa kuambiwa. Mkate aliubonyeza kabla ya kuununua, yai alilitikisa sikioni, na saa ya ukutani mwa mgahawa wake aliitazama kisha akachungulia ya simu, asije akadanganywa na betri. Wanafunzi waliokula kwake pale Wandegeya walimpachika jina la Mama Hakikisha, naye alilijua na wala halikumuudhi. Kwa hiyo mumewe aliporudisha firigisi kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja, usitegemee kwamba alijiambia labda tumbo limejaa.

Kampala nzima inajua firigisi ni ya nani. Kuku akiiva, mabawa huenda kwa watoto na mapaja kwa wageni, lakini firigisi ni ya mwenye nyumba, na mke akimpa mtu mwingine ataulizwa ana maana gani. Ukoo wa Ruqayya ulifika huku kutoka pwani zamani sana, enzi za misafara, ukaja na Kiswahili chake, pilau yake na vyuo vyake vya Kurani. Hii ya firigisi waliikuta kwa Waganda, wakaipenda, wakaishika kuliko wenyewe. Kwa miaka thelathini na mitatu Umar alikuwa akiipokea kila jioni, akiitafuna polepole huku amefumba macho, halafu akishukuru.

"Nimeshiba, Mama Zahara," alisema jioni ile, akaisukuma sahani. Tena aliisukuma kwa mkono wa kushoto, kama mtu ambaye hakufunzwa kwao.

"Umeshiba wapi?"

"Nimeshiba tu."

"Mtu hashibi tu, Baba Zahara. Mtu hushiba mahali."

Zamani Umar angelicheka. Alikuwa na kicheko kikubwa cha kutoka tumboni, na maneno makali ya mkewe ndiyo yaliyokuwa yakimchekesha kuliko kitu chochote duniani. Sasa alifuta midomo, akainuka, akaenda kutawadha. Ruqayya alibaki akiitazama ile firigisi mpaka ikapoa.

Kesho yake asubuhi alimkuta Nakhisa, mpishi wake wa miaka minane, akimenya vitunguu. Nakhisa alikuwa mtu wa Mbale, mjane, na mambo ya ndoa za watu aliyajua kuliko ya kwake.

"Amekataa tena?" Nakhisa aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nani amekwambia?"

"Sahani ndiyo imesema. Mama, mimi sitaki kusema mingi. Lakini mwanaume akikataa firigisi, ile hapana kushiba. Iko jiko ingine inapika."

Ruqayya alimwambia afunge mdomo na amenye vitunguu. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na likiingia kwa Ruqayya halitoki, maana humo ndani linakuta wenzake.

Kwanza kulikuwa na kuku. Umar, ambaye watu walimwita Haji, alikuwa mchinjaji, na kwa miaka mingi nusu ya soko ilikula kuku aliyepita mikononi mwake. Magoti yalipoanza kumsumbua mwaka jana aliacha, akabaki kumchinjia mkewe tu, kuku kumi kila siku, nyuma ya jiko. Tangu Ramadhani alikuwa ameacha kuchinjia nyuma ya jiko. Sasa alipakia kuku kwenye tenga baada ya sala ya alfajiri akaenda nao sokoni, eti kule maji yanatosha. Na wakienda kumi, walirudi tisa. Siku nyingine wanane.

"Wawili wamekufa kwenye tenga," alisema.

"Kutoka hapa hadi sokoni? Si hatua mia mbili!"

"Joto, Mama Zahara."

"Joto la saa kumi na mbili asubuhi?"

Umar aliweka kuku mezani, akatoka.

Pili kulikuwa na mgonjwa wa Mulago. Mara tatu Umar alikuwa ameaga kwamba anakwenda hospitali kumtazama rafiki yake anayeumwa. Ruqayya aliuliza jina, akaambiwa huyu humjui. Aliuliza anaumwa nini, akaambiwa madaktari bado wanatazama. Alipika uji wa mgonjwa, akautia kwenye chupa, na chupa ikarudi tupu, imeoshwa vizuri. Nani aliyeiosha? Wagonjwa hawaoshi chupa.

Na tatu, kila siku baada ya alasiri Umar alitoweka. Alirudi magharibi inakaribia, shati limelowa jasho mgongoni, amechoka, na usoni ana kitu ambacho Ruqayya hakukipenda hata kidogo. Alikuwa na furaha ndogo aliyoificha.

Basi jumlisha mwenyewe. Kuku wanakwenda mahali. Firigisi inaliwa mahali. Kicheko nacho kimehamia huko huko. Ruqayya alijumlisha mchana na usiku, na kila alipojumlisha alipata mwanamke.

Kilichomtia kiwewe zaidi ni Jumamosi. Binti yao wa pekee, Zahara, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku ya Jumapili, mjukuu wao wa kwanza, na akika ilipangwa siku ya saba nyumbani kwa Zahara na mumewe Sufian huko Kasubi. Mbuzi wawili walikuwa wameshanunuliwa. Umar aliahidi tangu siku ya harusi ya Zahara kwamba mjukuu akija, atamchinjia yeye mwenyewe kwa mkono wake. Na Ruqayya angesimama kando yake mbele ya ukoo mzima, akipokea mkono wa heri, huku watu wakinong'onezana wakijua asilolijua yeye. Hapana. Aliapa moyoni kwamba kama yuko mwanamke, Jumamosi haitamkuta katika ndoa hiyo. Atafunga nguo zake aende Jinja kwa dada yake Hajara, akika ifanywe na huyo anayepika firigisi.

Alhamisi Umar aliiacha simu kwenye chaji akaenda msikitini kuswali alasiri. Simu ikalia ujumbe. Ruqayya hakuigusa, alijisifu baadaye kwamba hakuigusa. Aliinama tu, mikono nyuma, akasoma yaliyotokea kwenye kioo.

*Haji, usichelewe leo. Jana 19. Leo nataka 20 ama zaidi. Lamunu.*

Lamunu. Jina la kike, tena la watu wa kaskazini. Kumi na tisa nini? Ruqayya alisimama pale jikoni akifikiria vitu ambavyo mwanamume wa miaka sitini na minne anaweza kufanya mara kumi na tisa, na hakupata hata kimoja kilichompa nafuu.

Umar alirudi, akachukua simu, akasoma, akaaga. Ruqayya alihesabu mpaka hamsini, akavuta mtandio wake, akamwambia Nakhisa atazame wali.

"Mama, uchukue mwiko?" Nakhisa aliuliza.

"Wa nini?"

"Huwezi kujua."

Hakuuchukua, ingawa aliufikiria. Alimfuata mumewe kwa mbali, akipita kati ya wanafunzi waliobeba vitabu na vijana waliokuwa wakiita watu kuja kuchapisha kazi zao. Umar hakutazama nyuma hata mara moja. Alipinda penye maduka ya kuchapisha, akaingia kwenye jengo la ghorofa moja, akapanda ngazi akishika ukuta. Ruqayya alingoja chini mpaka alipoona ameshindwa kungoja, akapanda.

Juu kulikuwa na ukumbi mwembamba wenye milango mitano. Minne ilikuwa imefungwa. Wa tano ulikuwa wazi kabisa, umezuiwa na bunda la karatasi za kuchapishia ili usijifunge. Hilo lilimchanganya kidogo. Umar alikuwa mtu wa dini, na hakuwahi kukaa na mwanamke asiye wake nyuma ya mlango uliofungwa. Lakini mtu anayetenda dhambi ndiye huyo huyo anayeacha mlango wazi? Ruqayya alijibana ukutani, akasikiliza.

"Tupa, Haji! Tupa!" Ilikuwa sauti ya msichana. "Tena! Usilegeze. Aa! Imegonga ukingo."

"Hii ilikuwa ndani," alisema Umar.

"Haikuwa ndani. Usinidanganye, mimi mtoto wa polisi."

Na hapo Umar akacheka. Kile kicheko chenyewe, cha tumboni, ambacho Ruqayya hakukisikia tangu Ramadhani. Kuku wangeweza kusameheka, na firigisi pia, Mungu akipenda. Lakini kicheko kile alikuwa amekizoea kama chake, na kukisikia kikitolewa bure kwenye chumba cha watu kulimuuma mpaka macho yakalowa. Aliyafuta kwa ncha ya mtandio, akaruka bunda la karatasi, akaingia.

Umar alikuwa amesimama katikati ya chumba, amekunja mikono ya kanzu, anatupa kitu ambacho hakipo. Aliurudisha mkono wa kulia nyuma, akaukaza, akaurusha mbele, na mkononi hamkuwa na chochote. Mbele yake hapakuwa na mtu wala kitu, ila kishikwambi kilichosimamishwa kwenye rafu, na kando yake msichana mwembamba aliyevaa fulana ya kazi na viatu vya raba.

Ruqayya alikitazama kile kishikwambi na akajiona mwenyewe. Chumba kizima kilikuwa mle ndani kama kwenye kioo cha kujitazamia: Umar mbele, yeye mlangoni, mtandio umemteleza. Ila mle ndani kulikuwa pia na kikapu chekundu kinachoning'inia hewani, na mpira wa rangi ya chungwa uliokuwa ukitoka mkononi mwa Umar, ukapita juu ya kikapu, ukaja moja kwa moja mpaka miguuni pake.

Ruqayya aliruka. Alitazama chini. Sakafu ilikuwa tupu.

"Audhubillahi," alisema.

Msichana alipiga magoti haraka, kama watoto wa watu wanavyowasalimu wakubwa. "Karibu, mama. Wewe ni mama Zahara? Haji anakuongea kila siku. Mimi naitwa Lamunu."

"Najua unaitwaje. Nimesoma." Ruqayya alimgeukia mumewe. "Na wewe. Eleza."

Umar alikuwa bado anatabasamu, maana hakuwahi kulizima tabasamu. Ndipo Ruqayya alipoona. Tabasamu lilipanda upande mmoja tu. Upande wa kulia wa mdomo ulibaki mahali pake, umelala. Wiki ngapi mtu huyu amekula naye meza moja? Akamtazama tena, pole pole safari hii, kama anavyokagua mkate, na akaona jinsi kiganja cha kulia kilivyoning'inia pembeni ya kanzu, vidole vimejikunja nusu.

"Yule mgonjwa wa Mulago," alisema Umar, "ni mimi."

Lamunu alileta kiti, na Ruqayya akakaa.

Ilikuwa katika lile kumi la mwisho la Ramadhani, Umar alieleza. Asubuhi moja anatawadha, birika likamponyoka. Akaliokota, likamponyoka tena. Mdomo ukawa mzito. Alijiambia ni usingizi na njaa ya funga. Siku ile alichinja vibaya kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kesho yake akahamia sokoni, na huyu msichana, aliyekuja huko kununua kuku, ndiye aliyesimama akamwuliza, mzee, mkono huo umekuwa hivyo tangu lini? Mulago walimwambia ni kiharusi kidogo, wakampa dawa, na wakamwambia mkono utarudi kama atautumikisha kila siku. Lamunu alikuwa amesomea kazi hiyo ya kuwarudishia watu viungo vyao, na alikuwa amekodi chumba hiki.

"Tableti inaona mkono yake," alisema Lamunu, "inaweka mpira ndani. Akikaza vizuri na akirusha vizuri, inaingia. Zamani nilikuwa nawapa watu mpira ya kweli, lakini mzee akianguka nayo anaona haya, anaacha. Hii haidundi, haipotei chini ya meza, na inahesabu. Siku ya kwanza Haji alipata sifuri kwa thelathini. Jana kumi na tisa."

"Kumi na tisa," Ruqayya alirudia. Alihisi mashavu yakimwaka moto. "Na firigisi?"

Umar aliinamisha kichwa. "Upande huu hautafuni. Firigisi ni ngumu. Kila jioni nilikuwa nikiitoa mdomoni nikiitia mfukoni, ukiwa umegeuka, mpaka wiki hii nikachoka."

"Ulifanya nini?"

"Niliitia mfukoni."

"Miezi miwili, Baba Zahara! Miezi miwili unanificha ugonjwa, unakwenda kumwambia mtoto wa watu, mimi nakulalia ubavuni sijui kitu! Kwa nini?"

Umar aliufunika mkono wa kulia kwa wa kushoto. "Kwa sababu wewe yai hulinunui bila kulitikisa. Ungenitikisa mimi kila asubuhi. Ungetazama kila tonge ninalolichukua, kila kikombe. Nilitaka nipone kwanza, ndipo nikwambie nilikuwa mgonjwa."

Neno hilo lilimchoma Ruqayya kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini tabia haifi kwa siku moja, na kabla hajamaliza kuumia alikuwa ameshaanza kushuku upya, tena jambo kubwa zaidi. Aliinuka kwenye kiti.

"Kuku," alisema. "Tangu Ramadhani nawalisha watu kuku wako. Waislamu wanakula kwangu kwa sababu wanajua ni Umar aliyechinja. Walichinjwa na mkono gani?"

"Wa kulia."

"Huu?"

"Huu. Na kisu kikisita, kikikwama, nikikata bila kumaliza, huyo kuku simrudishi. Ndiyo maana nilihamia sokoni, usione. Wale wawili, yule mmoja, hawakufa kwenye tenga."

"Wako wapi?"

"Wamekwenda kwa Okeny, yule mlinzi wa ghala mwenye mbwa. Jikoni kwako hajaingia hata mmoja wa namna hiyo, Mama Zahara. Anajua Mungu na wanajua mbwa wa Okeny."

Ruqayya alikuwa amemtuhumu mumewe kumlisha mwanamke kuku wale, na kumbe alikuwa akiwatupa ili yeye asiuze kitu chenye shaka. Alitaka kulia, na alitaka kumpiga, na kwa kuwa Lamunu alikuwepo hakufanya lolote kati ya hayo.

"Tupa nione," alisema.

Umar alitupa kumi. Sita ziliingia. Ruqayya hakutazama kishikwambi; hakukiamini. Alitazama mkono, na katika mtupo wa saba akaona kitu.

"Kidole cha mwisho," alisema. "Kile kidogo. Kinaachia kabla ya vingine, halafu ndipo anakosa."

Lamunu alifungua mdomo. "Mama, mimi nilichukua wiki mbili kuona hiyo."

"Mimi nina miaka thelathini na mitatu," alisema Ruqayya. Kisha, kwa kuwa wote wawili walimtazama, alisimama mbele ya kishikwambi, akashika mpira usiokuwepo, akautupa kwa nguvu zake zote. Mle ndani mpira uligonga dari, ukakipita kikapu kwa mbali, ukatokomea. Umar alicheka kwa ule upande mmoja mpaka akashika ukuta.

Wakishuka ngazi, Ruqayya alimwambia kwamba Jumamosi Sufian ndiye atakayechinja.

"Nitachinja mimi," alisema Umar. "Niliahidi."

"Na mkono ukisita? Mbuzi si kuku, Baba Zahara. Na watu watakuwepo."

"Ndiyo maana wewe utasimama penye kichwa cha mbuzi. Ukiona kidole kimeachia, sema, kabla kisu hakijagusa."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Nikiaibika mimi nitapona. Mnyama akiteseka kwa ukaidi wangu, hilo haliponi."

Ijumaa Lamunu aliwaazima kishikwambi, wakakiegemeza kwenye gunia la mchele baada ya wateja wa mchana kuondoka. Nakhisa alitoka jikoni, akamkuta Haji anatupa hewa na Mama anapiga kelele "kidole! kidole!", akarudi ndani kimya kimya. Kufikia jioni soko zima liliambiwa kwamba Haji amerogwa na sasa Mama naye ameanza. Umar alifikisha ishirini na tatu kwa thelathini. Saba, alihesabu Ruqayya kitandani. Saba bado zinaanguka.

Jumamosi Kasubi ilijaa kanzu na mabuibui. Mtoto alinyolewa, akaitwa Rayyan, akalia, akanyamaza. Wanaume wakatoka uani, na Ruqayya akatoka nao, amebeba bakuli tupu ili mtu akiuliza awe na jibu. Hakuna aliyeuliza, ingawa wazee wawili walitazamana.

Mbuzi wa kwanza alilazwa ubavuni, uso kibla. Umar alikuja na kisu alichokinoa mwenyewe, amekificha nyuma ya kanzu mnyama asikione. Akapiga goti. Ruqayya alisimama penye kichwa, akakodoa macho kwenye mkono wa mumewe na hakuona kingine duniani. Vidole vitano vilishika mpini. *Bismillahi, Allahu Akbar.* Kisu kikaenda mara moja, safi, na ikawa imekwisha. Watu wakaitikia. Sufian akamshika baba mkwe wake begani. Ruqayya aligundua kwamba bakuli lilikuwa limelowa jasho la mikono yake.

Walimwondoa wa kwanza, wakamwaga maji, wakamleta wa pili. Umar alifuta kisu. Alikuwa anapumua kwa mdomo, na paji la uso liling'aa. Akapiga goti tena, polepole kuliko mara ya kwanza, akashika mpini, akausogeza mkono.

Kidole kidogo kikaachia.

Au hakikuachia? Ruqayya alikuwa amekiona, kisha hakuwa na hakika. Wiki nzima macho yake yalikuwa yamemwonyesha mwanamke ambaye hakuwepo. Yalimwonyesha jiko, yakamwonyesha sahani nyingine, na yote yalikuwa uongo alioupika mwenyewe. Leo ayaamini? Akisema bure, atakuwa amemwangusha mumewe mbele ya ukoo, mbele ya wakwe, siku ya mjukuu wake wa kwanza, na Umar hatainua kisu tena maisha yake yote. Akinyamaza, labda kisu kitakwenda. Mara ya kwanza kilikwenda. Midomo ya Umar ilianza kufunguka kutamka jina la Mungu.

"Baba Zahara," alisema Ruqayya.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini ua wote ulisikia. Umar aliurudisha mkono nyuma papo hapo, na alipourudisha kisu kilimponyoka, na akakidaka kwa mkono wa kushoto kabla hakijafika chini. Mbuzi hakuguswa.

"Kuna nini?" mzee mmoja aliuliza.

Umar aliinuka kwa shida. Alitazama watu, halafu akamtazama mkewe, na Ruqayya alijiandaa kuona hasira. Aliona mtu aliyetua mzigo.

"Mkono wangu umeugua tangu Ramadhani," alisema Umar. "Sikumwambia mtu. Mke wangu ameuona, na mimi ndiye niliyemwomba auangalie." Akamgeukia Sufian, akamwelekezea mpini. "Mtoto ni wako. Shika."

Sufian alishika, na kazi ikamalizika vizuri. Watu walianza kuongea tena, mmoja akamweleza mwenzake kuhusu shemeji yake aliyepatwa na kiharusi akapona. Ruqayya alipita katikati yao na bakuli lake mpaka jikoni, akageukia ukuta, akalia machozi ya haraka haraka, kisha akanawa uso.

Nakhisa, aliyekuja kusaidia, alikuwa amepika kuku pia kwa ajili ya wasiokula mbuzi. Ruqayya alifunua sufuria, akatafuta firigisi moja, akakaa nayo kwenye kigoda na kisu kidogo. Aliikatakata. Akaikatakata tena, vipande vikawa vidogo kuliko vitunguu vya kachumbari, akavirudisha jikoni na mchuzi mpaka vikalainika kabisa, akavichanganya na matoke yaliyopondwa. Alitia kijiko pembeni. Kisha akaibeba sahani hiyo mpaka mkekani walipokaa wanaume, akaiweka mbele ya Umar.

Umar aliitazama. "Nini hii?"

"Unajua ni nini."

Alichukua kijiko kwa mkono wa kulia. Kilitikisika njiani, kikamwaga kidogo kwenye kanzu, kikafika. Akatafuna kwa upande wa kushoto, polepole, na katikati ya kutafuna akafumba macho. Nakhisa alimwita Ruqayya kutoka jikoni, akamwita mara ya pili na ya tatu, wali unaungua. Ruqayya hakuondoka. Alisimama pale pale juu ya vichwa vya wazee, akimkazia macho mumewe, mpaka alipoona koo lake limepanda na kushuka.